Kamera Ilikuwa Wapi?

Kwenye orodha ya filamu zilizopendekezwa kwa muhula ujao, majina mawili yamekaa jirani: La battaglia di Algeri na Africa Addio. Sidhani aliyeyaandika pamoja alikusudia jambo lolote. Lakini filamu zote mbili zilitengenezwa na Waitaliano, zote zilitoka mwaka 1966, na zote zinahusu Afrika, bunduki na maiti. Naiomba kamati isizipigie kura kama mtu anayechagua kati ya pilau na biriani. Maoni yangu ni kwamba ya kwanza tuionyeshe kama ilivyo, na ya pili tusiionyeshe kama ilivyo.

Ya kwanza iliongozwa na Gillo Pontecorvo. Inasimulia mapambano ndani ya jiji la Algiers kuanzia 1954 hadi 1957, wapiganaji wa FLN upande mmoja, polisi na askari wa miamvuli wa Ufaransa upande wa pili. Atakayeiona mara ya kwanza ataapa kwamba ni picha za habari, kwa namna kamera inavyotikisika na kusukumwa na watu. Hakuna hata sekunde moja ya picha za habari ndani yake. Yote yaliigizwa, miaka michache tu baada ya uhuru wa 1962, katika vichochoro vilevile vya Casbah na kwa msaada wa wakazi wake. Saadi Yacef, aliyekuwa kamanda wa FLN mjini humo, alishiriki kuitengeneza, na mle ndani anaigiza mtu anayefanana sana na yeye mwenyewe. Mwigizaji mzoefu ni karibu mmoja tu, Jean Martin, anayeigiza kanali wa Kifaransa.

Kuna sehemu ambayo sijaweza kuisahau. Wanawake watatu wanajivika Kizungu, wanapita vizuizi vya askari, kila mmoja na bomu ndani ya mkoba. Mmoja anaingia kwenye mkahawa. Kamera inamwacha kidogo, inapita juu ya nyuso za wateja, na inafika kwa mtoto mdogo anayekula aiskrimu. Tunajua kitakachotokea. Pontecorvo alikuwa upande wa Waaljeria na hafichi, lakini anatulazimisha tumtazame yule mtoto. Kabla ya hapo alikwisha kutuonyesha nyumba za Waaljeria zilizolipuliwa usiku, na muziki wa maombolezo juu ya maiti wa pande zote mbili ni uleule. Ufaransa haikuonyesha filamu hii kwa miaka kadhaa. Mwaka 2003 Pentagon iliwaonyesha maofisa wake, wakati mambo ya Iraq yalipoanza kuwawia magumu. Filamu haimchagui mtazamaji wake.

Nina ombi dogo hapa kwa walimu wetu: darasa la tafsiri lituandalie manukuu ya Kiswahili. Haitakuwa kazi rahisi. Huyo mwanamke mwenye mkoba tutamwita nani? Mpiganaji, mwasi, gaidi, mpigania uhuru? Ukishachagua neno umeshapiga kura, na nusu ya hoja zangu zote za leo imo humo.

Sasa Africa Addio. Waliioongoza Gualtiero Jacopetti na Franco Prosperi, na wengi wetu wenye asili ya Zanzibar tumeiona bila kulijua jina lake. Kila inapofika Januari, vipande vyake huzunguka kwenye makundi ya familia, kutoka simu za Muscat hadi simu za hapa Uingereza: picha kutoka angani, watu waliovaa nguo nyeupe wakipangwa mistari, wengine wakikimbilia ufukweni, maiti wametapakaa ardhini. Ni Zanzibar, siku chache baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, mwezi mmoja na siku mbili baada ya uhuru. Kwa watu waliopoteza ndugu zao na wasipate hata kaburi la kulizuru, ile ni sinema inayosema kwamba jambo lilitokea. Naelewa kabisa kwa nini wanaitunza.

Lakini wanaotuma vile vipande hawatumi filamu nzima, na sidhani wengi wao wameiona. Filamu nzima inaeleza kwamba mzungu ameondoka Afrika na kwa hivyo kila kitu kinaoza. Inawaomboleza walowezi wa Kenya wanaouza mashamba yao, inawaomboleza tembo na pundamilia, na ikifika Kongo inawatukuza mamluki. Maiti wa Zanzibar wamo kama kielelezo tu: tazameni, hawa ndio watu mliowapa uhuru. Maana yake, filamu inayowalilia babu zetu waliouawa inawatukana palepale, wao pamoja na waliowaua. Haikumuuliza mtu yeyote wa Unguja neno lolote. Msimulizi anasema peke yake mwanzo hadi mwisho, na sisi tunatazama kutoka juu, mahali ambapo binadamu ni kanzu tu.

Najua jibu litakalokuja, kwa sababu nimeshalisikia mezani kwetu: bila picha zile, nani atatuamini? Hoja hii ina uzito, lakini nadhani inawaumiza wanaoitoa. Jacopetti alituhumiwa nchini Italia kwamba huko Kongo aliwapanga wauaji wasubiri kamera iwe tayari. Alishtakiwa na akaachiwa huru, lakini sifa ile haikumtoka. Kwa hivyo anayetaka kukataa kwamba watu waliuawa Zanzibar ana kazi rahisi mno: anasema picha ni za yule yule Mtaliano, na mjadala umekwisha. Na anayetaka kuwachukia watu fulani naye ana kazi rahisi, kwa sababu kutoka angani huwezi kujua nani ni nani, kijiji gani, saa ngapi, aliyeshika bunduki ametumwa na nani. Kila mtu anamimina humo hasira aliyokuja nayo. Idadi ya waliouawa inabishaniwa hadi leo, na filamu ile haijasaidia kuimaliza hata kidogo.

Mwezi Agosti 1966 wanafunzi wa Kiafrika waliokuwa wakisoma Berlin ya Magharibi, pamoja na wenzao wa Kijerumani, waliandamana kuipinga filamu hii katika sinema iliyokuwa ikiionyesha, na sinema ikaacha kuionyesha. Walikuwa na umri wetu. Ninawavulia kofia, ingawa mimi siombi tuipige marufuku. Wao walikuwa wanaikabili filamu mpya iliyojaza watu sinema. Sisi tunakabili vipande vya dakika mbili ambavyo vimeshaingia mifukoni mwetu, na kuvipiga marufuku ni sawa na kuzuia upepo.

Ninachoomba ni tufanye kwa picha zile kazi waliyoifanya wengine kwa picha za Nairobi. Tarehe 25 Juni 2024, vijana wa Kenya waliokuwa wakipinga Mswada wa Fedha walifika hadi ndani ya Bunge, na baadhi yao wakapigwa risasi wakafa. Mwaka uliofuata BBC Africa Eye ilitoa filamu iitwayo Blood Parliament. Watengenezaji walichambua picha zaidi ya 5,000, nyingi zikiwa za watu waliokuwepo pale: huyu alisimama wapi, risasi ilitoka upande gani, sare ile ni ya kikosi kipi. Onyesho lililopangwa Nairobi lilifutwa, jambo linaloonyesha kwamba picha ikiulizwa maswali hayo inamtia mtu wasiwasi. Huwezi kuitazama halafu ukasema "Waafrika ndivyo walivyo." Unabaki na maswali ya sheria: nani alifyatua, na nani alitoa amri.

Kwa hiyo pendekezo langu ni hili. Kutoka Africa Addio tuonyeshe sehemu ya Zanzibar peke yake, ambayo ni dakika chache, na tuzime sauti. Msimulizi ameshasema miaka sitini, apumzike. Badala yake waseme wazee waliokuwepo Unguja mwaka ule, kwa Kiswahili, na wawe wa pande mbalimbali: aliyekimbia na jahazi, na aliyeshangilia kwa sababu mkoloni na sultani wote walikuwa wameondoka. Tusimamishe picha na kuuliza: huu ni ufukwe gani? Msikiti ule unaujua? Sisi tuandike. Isiwe tarehe 12 Januari, siku ambayo kila mtu amekwishajaa maneno yake.

Na asilazimishwe mtu. Bibi yangu mwenyewe hasemi kitu kuhusu mwezi ule. Ukimuuliza anajibu kwamba yaliyopita si ndwele, halafu anakuuliza kama umekula. Haji, na sitamwomba aje.

Wazee wawili wa hapa mjini nimeshazungumza nao. Mmoja amekubali, kwa sharti kwamba taa za ukumbi zisizimwe. Wa pili alitaka kwanza kujua nani mwingine atakaa pale mbele. Nikamtajia jina la yule wa kwanza. Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia nimpigie simu wiki ijayo.