Barua ya Wazi kwa Gavana wa Benki Kuu ya Kenya: Floti Moja Ihudumie Mitandao Yote

Mheshimiwa Gavana,

M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007, thamani yake ilikuwa zaidi katika watu kuliko katika simu zao. Kila aliyejiunga aliwaongezea waliomtangulia mtu wa kutumiana naye pesa, na kila wakala aliyefungua duka aliwaongezea wote mahali pa kuzitoa. Wateja wakavuta mawakala, mawakala wakavuta wateja. Mshindani hukwama papo hapo, hata kama huduma yake ni nzuri na nafuu, maadamu mvuvi wa Gazi hana pa kuigeuza pesa yake kuwa noti.

Hatua zimepigwa. Tangu 2014 wakala hafungwi na mtandao mmoja, tangu 2018 pesa huvuka kati ya mitandao, na 2022 wateja wa Airtel Money wakaanza kulipa kwenye tili za Lipa na M-Pesa. Limebaki lango la kutoa pesa. Ruhusa ya 2014 haikutosha kwa sababu kila mtandao unadai floti yake, yaani mtaji ambao wakala huutenga kwa huduma za mtandao huo. Duka kubwa la Ukunda laweza kugawa mtaji. Kibanda cha Lunga Lunga hakiwezi, na mwenyewe, kwa busara, huuweka wote palipo na wateja wengi. Mdogo hubaki mdogo.

Wapinzani watasema Safaricom, inayoendesha M-Pesa, iligharimika kuwajenga mawakala wake. Ni kweli, wala hatuombi bure. Simu ya Airtel huita kwenye laini ya Safaricom, na kampuni moja huilipa nyingine kwa kiwango kinachosimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano. Mwaka 2010 kilishushwa kutoka shilingi 4.42 hadi 2.21 kwa dakika. Utaratibu wa sauti wafaa pia kwa noti. Watasema wateja walichagua wenyewe. Lakini mtu wa Kinango anapochagua laini, hupima kwanza mwendo wa kumfikia wakala, ubora wa huduma baadaye. Ng'ambo ya mpaka wa Horohoro, nchini Tanzania, Tigo, Airtel na Zantel zilikubaliana mwaka 2014 kupokezana pesa, na Vodacom, iliyokuwa kubwa kuliko zote, ikajiunga 2016 bila kupoteza nafasi yake ya mbele.

Tunaomba uagize wakala yeyote amhudumie mteja wa mtandao wowote kutoka floti moja, kwa ada iliyotangazwa. Mkubwa ataendelea kushinda kwa ubora wa huduma, na mwananchi atachagua kwa hiari.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkazi wa Msambweni, Kaunti ya Kwale