Fuvu la Nyati wa Asia Si la Ng'ombe, Jamani!

Kuna watu wakisikia wanasayansi wanapima mafuvu ya wanyama kwa rula wanacheka. Eti hawana kazi ya kufanya. Mimi nasema subirini kwanza.

Chukua ng'ombe wa kufugwa na nyati wa Asia, yule anayefugwa India, Misri na Italia (mozzarella ya asili inatoka kwenye maziwa yake). Msimchanganye na mbogo wetu wa Serengeti, huyo ni jamii nyingine na hafugwi. Ukimwona nyati wa Asia kwa mbali utadhani ni ng'ombe mweusi aliyenenepa. Wapi! Ng'ombe ana kromosomu 60, yeye ana 50 au 48 kutegemea aina, na hawazai pamoja.

Fuvu nalo linasema hivyohivyo. Kwa ng'ombe, mfupa wa paji umekwenda nyuma mpaka utosini, kwa hiyo paji ni pana na bapa, na pembe zinaota huko juu kabisa pembeni. Paji la nyati limebinuka. Pembe zake ukizikata utaona pembetatu, siyo duara.

Sasa twende machinjioni. Katika Umoja wa Ulaya, sheria inataka mnyama azimishwe fahamu kabla ya kuchinjwa, ukiacha uchinjaji wa kidini. Ng'ombe hupigwa katikati ya paji kwa bastola yenye chuma kinachochomoka na kurudi. Watu wakachukua bastola ileile wakampigia nyati, na wengine hawakuzimia sawasawa. Watafiti walipopima kutoka ngozi ya paji hadi ndani kabisa ya ubongo, walikuta kwa ng'ombe ni kama sentimita 10, kwa nyati zaidi ya 14. Ngozi nene, mfupa mnene, na katikati kuna matundu mapana ya hewa. Chuma kikiishia njiani, mnyama anasikia kila kitu.

Simlaumu mchinjaji peke yake. Aliyempa kifaa ndiye aliyedhani kila chenye pembe ni ng'ombe. Watafiti walishapendekeza risasi badala ya chuma kifupi. Kwa hiyo anayetaka kufuga nyati huko aulizwe kwanza atamwua kwa silaha gani, halafu ndipo tuzungumze bei ya mozzarella.