Herufi za Kuchezacheza na Msomaji Mchanga

Yako mazoea yaliyoingia katika madarasa yetu ya chini pasipo kuulizwa: kwamba kila aandikiwacho mtoto sharti kiandikwe kwa herufi za kuchezacheza, mithili ya zilizochorwa kwa mkono. Hatuna ugomvi na herufi hizo. Ugomvi wetu ni juu ya mahali zinapowekwa.

Iliyo mashuhuri miongoni mwa fonti hizi ni Comic Sans, aliyoibuni Vincent Connare mwaka 1994 alipokuwa akifanya kazi Microsoft. Alikuwa ameona katika programu ya wanaoanza kutumia kompyuta mbwa wa katuni akisema kwa Times New Roman, herufi zilizobuniwa kwa ajili ya gazeti. Mbwa anenaye kama tahariri! Connare akaviangalia vitabu vya katuni, akachora herufi zinazomfaa mnyama yule. Hazikuwahi programu ile, bali zilitoka na nyongeza ya Windows 95, zikaenea. Wachapaji wengi huzibeza. Mwaka 2012, zilipotumiwa huko CERN kutangazia habari za chembe ya Higgs, wako waliojadili herufi kuliko chembe.

Sisi hatuzibezi. Herufi a yake ni duara na kijiti, kama mtoto anavyofundishwa kuiandika, wala I kubwa haifanani na l ndogo. Hizo ni fadhila kwa mwanafunzi wa darasa la kwanza.

Lakini ziko nyingine nyingi zinazoruka juu na chini ya mstari, zilizojaa madoido. Hapo ndipo hatari ilipo, na lugha yetu yaizidisha. Baba na dada hutofautiana kwa upande wa kijiti tu. Tulipokwenda kukagua mazoezi ya kufundisha, tuliona kadi ya neno dada ambayo d zake zimeinama hata tumbo halijulikani liko upande gani. Mtoto alisoma baba, akasahihishwa mbele ya wenziwe, akanyamaza kipindi kizima. Kosa halikuwa lake. Nayo ritifaa ya ng'ombe, katika madoido ya namna hiyo, hugeuka kuwa pambo tu, na mtoto haoni sababu ya kuitamka.

Kwa hiyo herufi za kuchezacheza tuziweke kwenye kichwa cha chati ya wimbo, kwenye kibao cha kona ya vitabu, au kwenye tangazo la sikukuu ya shule. Kadi za kusomea, sentensi za ubaoni na majina ya watoto viandikwe kwa herufi nyofu, ziwe za kompyuta au za kalamu nene juu ya manila.

Kabla ya kubandika chochote ukutani, mwalimu mwanafunzi na aende nyuma ya darasa, achutame hata macho yake yalingane na ya mtoto aliyeketi dawati la mwisho, asome. Akisita hata kwa neno moja, kadi hiyo na aiandike upya.