Mwalimu, Mzazi na Karatasi ya Klabu

Katika mji wa Tanga hapana haja ya kumweleza mtu mpira ni nini. Jioni, jua linapoanza kulegea, kila uwanja ulio wazi kuanzia Makorora hadi Sahare huwa na watoto wanaoufukuza, na maji yakupwapo hata ufuko hugeuka kiwanja. Wazee wa mji huu bado huhadithia mwaka 1988, Coastal Union ilipotwaa ubingwa wa Tanzania Bara, na wengine hubishana nao kwa ajili ya African Sports kana kwamba mechi ilichezwa jana Mkwakwani. Mtoto azaliwaye hapa huurithi mpira kama arithivyo lafudhi ya mama yake.

Hatuandiki, basi, ili kuupinga mpira. Twaandika kwa sababu ya jambo ambalo wanachuo wetu hukutana nalo mara tu wafikapo shuleni kwa mazoezi ya kufundisha, nalo halimo katika andalio lolote la somo. Mzazi huja na karatasi mkononi, akauliza, "Mwalimu, klabu yamtaka mwanangu. Nimruhusu?" Maoni yetu ni kwamba mwalimu wa shule ya msingi hana haki ya kuliamua jambo hilo badala ya mzazi, lakini pia hana haki ya kunyamaza. Wajibu wake ni kuhakikisha kwamba mzazi anajua anachotia saini.

Tutoe mfano. Si zamani sana, mwanachuo mmoja alikuwa akifundisha katika shule ya pwani, kaskazini mwa mji. Alijiwa na mama mmoja mchuuzi wa samaki, ambaye macho yake hayakuona vema maandishi madogo. Klabu fulani ilikuwa imempa fomu ya kumsajili mwanawe, ikataka pia muhuri wa shule. Mwanachuo aliisoma fomu ile kwa sauti, mstari kwa mstari, hata akafika kwenye mwaka wa kuzaliwa. Alisita. Rejista ya shule ilimwonyesha mtoto kuwa na miaka 14. Fomu ilimpa miaka 12. Mama alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu nilimzaa mara moja, mwalimu. Huyu wa pili wamemzaa wao."

Fomu haikupigwa muhuri. Mtoto alilia, na kwa muda wa wiki mbili hakumwamkia mwalimu wake. Baadaye aliandikishwa kwa umri wake wa kweli, akawekwa pamoja na wakubwa zaidi, na msimu ule aliumaliza karibu wote katika benchi. Hatusemi, basi, kwamba ukweli haukumgharimu kitu. Ulimgharimu. Lakini yafaa tutazame uwongo nao ungemgharimu nini.

Mwaka 2005 timu yetu ya Taifa ya vijana walio chini ya miaka 17 ilikuwa imekwisha kujipatia nafasi katika fainali za Afrika zilizofanyika Gambia. Iliondolewa kwa kumchezesha aliyezidi umri. Vijana wote, pamoja na wale ambao vyeti vyao vilikuwa safi, walibaki nyumbani. Tangu mwaka 2009 Shirikisho la Soka la Dunia, FIFA, limetumia picha za kifundo cha mkono kuchunguza umri wa wachezaji katika mashindano ya dunia ya vijana wa rika hilo, kwa maana mifupa ya hapo hubadilika kadiri kijana akuavyo, na picha huonyesha iwapo imekwisha kufungana. Kalamu yaweza kumpunguzia mtoto miaka miwili. Mfupa hauikubali kalamu. Nayo rejista ya shule, iliyo mikononi mwa mwalimu, aghalabu ndiyo hati ya kwanza itafutwayo pale ambapo cheti cha kuzaliwa hakipo. Atakayeichezea rejista atakuwa ameuchezea mlango wa kila shahidi atakayefuata.

Mzazi, basi, ajue nini kabla ya kutia saini? Twaona yapo mambo sita.

La kwanza ni kwamba klabu ya mashindano si chandimu, wala si mpira wa shule. Katika chandimu kila ajaye hucheza. Katika mpira wa shule, hata ule unaoishia kwenye UMITASHUMTA, mwalimu ndiye mlezi, na mtoto huendelea kuwa mwanafunzi wake hata akishindwa. Klabu ya mashindano huchagua. Watoto 40 waweza kufanya majaribio, na waingiao uwanjani ni 11 tu. Mzazi amwulize kocha waziwazi: mtoto asiyepangwa mwafanyaje? Je, kila aliyesajiliwa hupata dakika za kucheza, au wengine huja kubeba maji? Kocha mwema hatalichukia swali hilo. Kwa watoto walio chini ya miaka 12 hasa, sisi twaamini kwamba klabu impangayo kila mtoto ina faida kuliko ile yenye makombe mengi, kwa sababu umri huo ni wa kujifunza mguu na mpira, nao hawezi kujifunza akaaye kitako.

La pili ni saa. Mtoto wa pwani ana shule asubuhi na mchana, na wengi wana madrasa baada ya hapo. Mazoezi ya klabu huanza karibu saa 10 jioni, wakati uleule ambao mwalimu wa madrasa naye anamngoja. Mzazi asipopanga mapema, mtoto ndiye atakayepanga, naye atapanga kwa kudanganya pande zote mbili. Katika mwezi wa Ramadhani swali huwa zito zaidi, maana mtoto aliyefunga akikimbizwa jioni katika joto huweza kuanguka. Na katika mwaka wa mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, mzazi na kocha wapatane mapema ni wiki zipi mtoto atapumzishwa. Mapatano hayo yafaa yaandikwe.

La tatu ni gharama. Klabu nyingi husema kwamba hazitozi kitu. Lakini mazoezi mara 3 kwa wiki ni safari 6, na kwa wiki 4 ni safari 24 za daladala. Ongeza viatu ambavyo mguu unaokua huvikataa kabla havijachakaa, ongeza chakula cha siku ya mechi na safari za Muheza, Korogwe au Pangani. Mzazi apige hesabu hiyo kabla, si baada ya mtoto kuonja. Kumtoa mtoto klabuni katikati ya msimu kwa kukosa nauli ni kumwaibisha mbele ya wenziwe.

La nne ni mwili. Mifupa ya mtoto wa miaka 10 hadi 15 bado inakua, na mahali inapokulia ni laini. Maumivu ya chini ya goti kwa kijana akimbiaye sana mara nyingi hutokana na msuli wa paja kuuvuta mfupa ambao haujakomaa; dawa yake kubwa ni kupunguza mazoezi, si kufunga kitambaa na kuendelea. Kuhusu kupiga mpira kwa kichwa, Marekani ilikataza kwa watoto wenye miaka 10 na walio chini ya hapo kuanzia mwaka 2015, na mwaka 2020 Uingereza ilielekeza kwamba watoto wa umri wa shule ya msingi wasifundishwe hivyo mazoezini. Nasi twaweza kuiga tahadhari hiyo bila gharama yoyote. Tena joto letu la kaskazi, tangu Desemba hadi Machi, lina unyevu unaozuia jasho kukauka. Kocha asiyesimamisha mazoezi ili watoto wanywe maji asikabidhiwe watoto.

La tano ni ulinzi. Mzazi ajue ni nani anayesafiri na watoto, wanalala wapi, na ni watu wazima wangapi waliopo. Asione haya kuuliza. Kwa msichana aulize zaidi: je, yupo mwanamke mtu mzima katika msafara? Wapo wazazi ambao kwa hofu hiyo humkataza binti kabisa. Hofu yao ina msingi, lakini dawa yake ni kuulinda msafara, si kuufunga mlango. Mwaka 2022 wasichana wetu wa Serengeti Girls walicheza Kombe la Dunia la walio chini ya miaka 17 nchini India, wakaishinda Ufaransa mabao 2 kwa 1 na kufika robo fainali. Kila mmoja wao alikuwa na mzazi au mlezi aliyekubali siku moja binti aende mazoezini.

La sita ni ndoto, nayo ndiyo imponzayo mzazi maskini. Wapo wanaopita vijijini wakisema kwamba mtoto wa miaka 14 atapelekwa Ulaya au Arabuni, mradi mzazi atoe fedha za pasi na za majaribio. Wahenga walisema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kanuni za FIFA hukataza mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamishwa kutoka nchi moja kwenda klabu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache mahususi, kama vile wazazi kuhamia huko kwa mambo yasiyohusu mpira. Mzazi akiijua kanuni hiyo moja tu, ameokoa fedha yake, na pengine amemwokoa mwanawe. Ajue pia kwamba kanuni hizo huzipatia fidia klabu zilizomlea mchezaji, na malezi huhesabiwa tangu mwaka anaotimiza miaka 12. Fidia hiyo ni ya klabu, si ya mzazi. Lakini huonyesha kwamba karatasi ya usajili ina thamani. Basi mzazi abaki na nakala yake, yenye tarehe.

Wala tusiwanyime watoto tumaini. Mbwana Samatta alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1992, mwaka uleule ambao Ligi Kuu ya Uingereza ilianza kwa jina lake la sasa. Alipojiunga na Aston Villa mwezi Januari 2020 akawa Mtanzania wa kwanza kuicheza ligi hiyo. Alipita Simba, akapita Mazembe ya Lubumbashi, akapita Genk ya Ubelgiji. Tuwasimulie watoto habari hiyo, lakini tuisimulie yote: ilichukua miaka 28 apatikane mmoja, naye alikwenda kwa hatua, si kwa kurukishwa. Mtoto ajifunzaye kusoma na kuhesabu huku akicheza hapotezi kitu akifika, wala hapotezi kila kitu asipofika.

Wapo wenzetu watakaosema kwamba haya si kazi ya mwalimu. Klabu iko nje ya ua wa shule, na mshahara wa mwalimu hauongezeki kwa kusoma fomu za watu. Twaiheshimu hoja hiyo, kwa maana mizigo ya mwalimu ni mingi. Lakini mtoto anayesinzia darasani Jumatatu kwa sababu ya safari ya Jumapili yumo ndani ya ua. Muhuri unaotafutwa ni wa shule. Na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, imtambuayo kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, yataka maslahi ya mtoto yatangulizwe katika kila jambo limhusulo. Haikusema kwamba maslahi hayo hukoma kwenye lango la shule.

Wengine watasema kinyume: kwamba mwalimu, maadamu amesoma, amwamulie mzazi. Hilo nalo twalikataa. Mchuuzi wa samaki anamjua mwanawe kuliko sisi. Alichokosa ni miwani ya kusomea fomu, si akili ya kuielewa. Mara aliposomewa, aliamua mwenyewe, tena kwa neno moja lililotushinda sote.

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu kwa wanachuo, nayo yote yaweza kufanywa bila fedha. Mosi, katika somo la Kiswahili, darasa la juu lipewe fomu ya usajili lisome, na watoto wapewe kazi ya kuwasomea wazazi wao nyumbani. Pili, katika Hisabati, watoto wapige hesabu ya msimu mmoja wa klabu kwa nauli ya mtaa wao wenyewe. Tatu, katika mkutano wa wazazi, mwalimu aombe dakika 10 ayataje mambo sita tuliyoyaeleza, na kocha wa mtaa aalikwe ajibu mbele ya wote. Kocha mwema atafurahi kuja. Asiyetaka kuja naye atakuwa amewapa wazazi jibu.

Mwanachuo, huenda mwakani ukapangwa shule ambayo uwanja wake hauna nyasi na lango lake la mpira ni mawe mawili. Huko nako karatasi itakujia. Usiitie muhuri upesi ili upendwe, wala usiichane ili uogopwe. Mkaribishe mzazi kitini, ifungue rejista, umsomee mstari kwa mstari hadi wa mwisho. Kisha mpe kalamu yeye.