Kanada Ililazimisha Redio Kucheza Ngoma za Nyumbani Tangu 1971. Cheki Vile Iliwaendea

Unakumbuka Novemba 2021 Eric Omondi akibebwa na makarao pale nje ya Bunge? Alikuwa anadai stesheni zetu zicheze asilimia 75 ya muziki wa Kenya. Wasee walicheka, wengine wakamsapoti, wengine wakasema ngoma mbaya ni ngoma mbaya hata ukiiwekea sheria. Halafu stori ikaisha vile stori za huku huisha. Ikirudi, na itarudi, tutaanza tena pale pale: wewe unasema sheria, mwenzako anasema talanta, na hakuna anayemskiza mwingine.

Mimi naona kuna njia poa ya kuimaliza hii ubishi. Kuna nchi ilifanya hiyo kitu kweli, imeifanya kwa zaidi ya miaka 50, na matokeo yako wazi. Nchi yenyewe ni Kanada.

Najua. Ukiskia Kanada unawaza baridi, doh na binamu anayesaka viza. Hauwazi nchi inayoogopa kumezwa. Lakini angalia ramani. Wakanada ni milioni 40 na kitu, yaani ni wachache kuliko sisi. Jirani yao wa kusini, Marekani, ana watu zaidi ya milioni 330. Wengi wao wanaongea lugha moja, na Wakanada wengi wamejipanga karibu na mpaka. Ukiweka mnara wa redio upande wa Marekani, mawimbi hayasimami kuonyesha paspoti. Waziri mkuu Pierre Trudeau, babake Justin, aliwaambia Wamarekani kule Washington mwaka wa 1969 kwamba kukaa kando yao ni kama kulala na ndovu. Hata awe mpole aje, akijigeuza tu wewe unajua.

Miaka ya sitini hiyo ndiyo ilikuwa hali ya muziki wao. Ukiwa msanii Toronto au Winnipeg na una kitu moto, redio ya kwenu ilikusubiri kwanza uomoke Marekani ndio ianze kukucheza. Neil Young na Joni Mitchell walifunga mizigo wakahamia California. Sio kwamba walichukia nyumbani. Kazi ilikuwa kule.

Ndio serikali, kupitia mdhibiti wake anayeitwa CRTC, ikaweka sheria iliyoanza kufanya kazi Januari 1971: katika muziki wote stesheni ya AM inacheza, asilimia 30 iwe ya Kanada. Mwenyekiti wa CRTC alikuwa Pierre Juneau. Tuzo kubwa za muziki kule zinaitwa Juno, na jina hilo linamkumbuka yeye. Fikiria tuzo za muziki za Kenya zikipewa jina la mdosi wa Mamlaka ya Mawasiliano. Hiyo peke yake inakuonyesha wasanii waliichukuliaje hii sheria.

Wenye stesheni walilia. Ati hakuna muziki wa kutosha, ati wasikilizaji watahama. Lakini hawakugoma. Walifanya kitu kijanja zaidi, na hapa ndipo nataka uskize vizuri, kwa sababu ndipo sheria kama hizi huzikwa. Walichukua ngoma za Kanada wakazirundika usiku wa manane na alfajiri. Kwa hesabu ya wiki, asilimia 30 imetimia. Kwa masikio ya watu, hakuna kitu. Aliyeskia ni soldier wa geti na nesi wa shifti ya usiku. Wakanada wakayapa hayo masaa jina la biva, yule mnyama wa meno makubwa aliye kwenye sarafu yao ya senti tano. CRTC ikajibu kwa kuongeza mstari mmoja: Jumatatu hadi Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, kiwango kitimie humo humo ndani. Mstari mmoja tu, na mchezo ukaisha.

Baadaye, 1998, CRTC ikaamua kiwango kipande hadi asilimia 35. Stesheni za Kifaransa, hasa Quebec, ziko na mzigo mzito zaidi: asilimia 65 ya nyimbo za kuimbwa lazima ziwe za Kifaransa. Hao wanaishi na ndovu wawili.

Sasa swali ambalo huku hatujawahi kulijibu vizuri: ngoma ya nyumbani ni ipi? Tuseme msee wa Kayole ameimba, biti imetoka Lagos, maneno ameandika Mtanzania, na kila kitu kimerekodiwa Dubai. Hiyo ni ya Kenya? Kanada walitengeneza kipimo cha vitu vinne. Muziki umetungwa na Mkanada? Anayeimba ni Mkanada? Imerekodiwa Kanada? Maneno ni ya Mkanada? Ukipata viwili kati ya vinne, umepita. Inakaa safi, hadi siku ilimgonga mtoto wa nyumbani mwenyewe.

Mwaka wa 1991 Bryan Adams, Mkanada kabisa, alikuwa na ngoma iliyokaa namba moja Uingereza wiki 16 mfululizo. Unaijua, imechezwa kwa kila harusi ya Nairobi tangu uzaliwe. Lakini kwa kipimo cha kwao, nyimbo za albamu hiyo hazikuhesabika kuwa za Kanada. Kisa? Alikuwa ameandika na prodyusa wa nje, Mutt Lange, msee aliyezaliwa Zambia. Adams alikasirika akaisema hiyo sheria hadharani, kwamba inalea wasanii wa kawaida tu. Sheria ikarekebishwa ili Mkanada akiandika na mtu wa nje asipoteze pointi zake zote.

Mimi nikiisoma hiyo stori siioni kama ushahidi kwamba sheria ilikuwa ujinga. Ilikuwa na shimo, likaonekana, likazibwa. Hiyo ndiyo kazi ya mdhibiti aliye macho.

Na usifikirie asilimia ndiyo ilifanya kila kitu. Mwaka wa 1982 kukaundwa mfuko, FACTOR, redio na watu wa muziki wakichangia, doh iende kwa wasanii warekodi na wazunguke na shoo. Hilo ndilo jibu kwa yule anayesema ngoma zetu hazina kiwango. Kiwango kinatoka studio, na studio inalipiwa. Ukiweka sheria ya kucheza bila chapaa ya kutengeneza, stesheni zitakuchezea wale wasanii watano watano hadi uwachukie. Kanada yenyewe ililalamikiwa hivyo kwa miaka mingi, kwamba redio inarudia majina makubwa yale yale ili itimize hesabu.

Kwenye tivi walikuwa na kituko kimoja lazima nikupee. Mwaka wa 1980 kipindi cha vichekesho cha SCTV kiliambiwa kiongeze dakika mbili za kitu kinachotambulika kuwa cha Kanada. Rick Moranis na Dave Thomas waliona huo ni upuzi wa ofisi. Wakakaa chini na kofia za baridi, bia na nyama ya kukaanga, wakabonga vitu visivyo na maana kama ndugu wawili wa kijijini. Ilikuwa ni kejeli, ni kama kusema, haya, si mlitaka Kanada, chukueni. Watu wakawapenda kuliko kitu kingine chochote kwenye kile kipindi. Wakatoa albamu, na 1983 wakatoa filamu. Hata aliyekuwa anaicheka sheria, sheria ilimpa dakika mbili, na dakika mbili zilitosha.

Utaniuliza, na Drake? The Weeknd? Justin Bieber? Hao si wameomoka bila kusukumwa na redio? Drake alianza kama mwigizaji kwenye Degrassi, drama ya Kikanada, kwa hivyo yeye anatuchanganyia hesabu kidogo. Lakini kwa Bieber na The Weeknd uko sahihi. Bieber alionekana YouTube. The Weeknd aliweka ngoma zake YouTube. Hapo hakuna asilimia 35, hakuna masaa ya biva.

Na hapo ndipo shida ya leo ilipo. Sheria ya 1971 ilifanya kazi kwa sababu kulikuwa na geti moja, redio, na serikali ndiyo ilikuwa inatoa leseni ya geti. Ukikataa masharti, leseni inakaa kwa meza. Leo geti ni app, mwenye app ako California, na hajaomba leseni ya mtu.

Kanada ilijaribu. Aprili 2023 ilipitisha sheria ya kuweka mitandao ya kustrimu chini ya CRTC. Juni 2024 CRTC ikasema kampuni kubwa za nje zitoe asilimia 5 ya mapato yao ya Kanada, ziweke kwa mifuko ya muziki, tivi na habari za nyumbani. Wenye app hawakulala kama wenye redio wa 1971. Walienda kortini.

Kwa habari ilikuwa noma zaidi. Juni 2023 Bunge lilipitisha sheria ya kutaka kampuni kama Google na Meta zilipe vyombo vya habari vya Kanada. Google ikakubali kutoa dola milioni 100 za Kanada kwa mwaka. Meta ikasema haina shida, na Agosti ikazima habari zote kwenye Facebook na Instagram kwa kila mtu aliye Kanada. Mwezi huo huo moto wa msituni ukasukuma mji wa Yellowknife, watu kama elfu 20, wahame. Watu wanakimbia moto, na ukitaka kumtumia jirani stori ya gazeti kuhusu barabara iliyofungwa kupitia Facebook, haiendi. Redio yoyote ingefanya hivyo 1971 ingefungwa kesho yake.

Halafu kuna mkono wa serikali ya ndovu mwenyewe. Hii si mpya. Mwaka wa 1993 jarida la Sports Illustrated lilitoka na toleo la Kanada, kurasa zikirushwa kwa setilaiti na kuchapishwa ndani ya Kanada ili kukwepa marufuku ya mpakani, likikusanya matangazo ya Kanada. Ottawa ikaweka ushuru wa asilimia 80 kwa matangazo ya aina hiyo, Marekani ikaenda Shirika la Biashara Duniani, na 1997 Kanada ikapoteza kesi. Mkataba wao wa biashara wa 1988 ulikuwa umeacha utamaduni nje, lakini kifungu cha pili kikawaruhusu Wamarekani walipize kisasi cha thamani sawa wakiumizwa. Umekubaliwa kufunga mlango, ila jirani amekubaliwa kuvunja dirisha. Na Juni 2025, Donald Trump alipokatiza mazungumzo ya biashara kwa sababu ya ushuru wa kampuni za mtandaoni, Kanada iliufuta ndani ya siku mbili, kabla ya malipo ya kwanza kufika.

Sasa turudi mtaani. Huku hatuna ndovu mmoja, tuko nao kundi. Afrobeats kutoka magharibi, amapiano kutoka kusini, na Bongo hapo tu kwa jirani, ikiimba lugha yetu na kuiimba vizuri. Sina ubaya nao, nazidunda pia. Tivi zetu zimewekewa asilimia 40 ya vipindi vya nyumbani, na wewe ndiye unajua kama unaiona saa mbili usiku au saa tisa usiku.

Kwa hivyo nikiskia asilimia 75, nauliza asilimia 75 ya nini. Nganya ya Rongai haina redio siku hizi. Ina simu ya kange, na simu ya kange inachaguliwa ngoma inayofuata na mashine ambayo haijawahi kufika Rongai. Redio bado ina watu, hasa nje ya Nairobi, na hapo sheria inaweza kusaidia. Lakini mswada ukirudi Bunge na waheshimiwa waanze kushindana nani atataja namba kubwa zaidi, wewe ruka hiyo namba. Nenda utafute kama wameandika ngoma ni ya Kenya kwa kipimo gani, ni saa ngapi inafaa kuchezwa, na pesa za studio zinatoka mfuko upi. Ukikosa mstari wa masaa, jua wadosi wa redio washausoma huo mswada kabla yako.

Na kwa hizo app, Kanada yenye pesa na mawakili bado iko kortini.