Kanada: Baridi Hii Ataisimulia Nani?

Mtoto wa chuoni huku kwetu pwani huhifadhi Sura ya Quraysh angali mdogo, na humo zimetajwa safari mbili, ya majira ya baridi na ya majira ya joto. Sisi tulioikariri tumekaa mkekani, jasho latutiririka, hatukujua baridi ile ni kitu gani. Baridi yetu ni kipupwe cha Juni na Julai: bibi hujitanda shali alfajiri, na saa tatu ikifika amekwisha kuivua.

Kanada ni mambo mengine. Tarehe 3 Februari 1947, mahali paitwapo Snag, katika jimbo la Yukon, kipimajoto kilishuka hadi kiasi cha nyuzi 63 chini ya sifuri. Hiyo ilikuwa ajabu yao wenyewe. Lakini hata katika mji mkubwa kama Winnipeg, nyuzi 30 chini ya sifuri si habari ya kutiwa gazetini. Usiku gari huchomekwa waya wa umeme mfano wa pasi, ili asubuhi injini ikubali kuwaka. Toronto na Montreal kila mmoja umechimba vichochoro vya chini kwa chini, vipatavyo kilomita 30, na mtu aweza kushuka treni, akapita madukani, akafika ofisini pasi na kukanyaga theluji. Mwezi wa Desemba jua la Winnipeg huchomoza saa mbili asubuhi imekwisha kupita, na kuchwa saa kumi na nusu. Muislamu aliyeajiriwa huko yampasa aombe nafasi ya sala tatu, adhuhuri, alasiri na magharibi, kabla hajafunga kazi.

Watu waliofungiwa ndani miezi minne au mitano hutafuta liwazo, na liwazo lao limekuwa redio, filamu na nyimbo. Hapo ndipo ilipo hoja ya makala haya. Maana mtu akikaa ndani kutwa kucha akisikiliza, ni muhimu kujua ni nani anayemwimbia.

Kanada imepakana na Marekani, nchi yenye watu karibu mara nane au tisa ya watu wake, na lugha ya wengi ni hiyo hiyo moja. Wimbo wa jirani huvuka mpaka bila pasipoti. Wakubwa wa Kanada waliliona jambo hili zamani. Mwaka 1939 waliunda Bodi ya Taifa ya Filamu kwa fedha za serikali. Ilitoa mamia kwa mamia ya filamu, na kutokana nayo ikapatikana mwaka 1971 *Mon oncle Antoine* ya Claude Jutra, kisa cha kijana katika mji wa machimbo huko Quebec wakati wa Krismasi, theluji imejaa kila mahali. Huko huko Quebec, miaka ya 1960, Gilles Vigneault alitunga wimbo *Mon pays*, akaifanya baridi yenyewe kuwa jina la nchi yake, na watu wa Quebec wakaushika kama wimbo wa taifa.

Kwa redio walitumia sheria. Kuanzia Januari 1971 stesheni ziliamriwa kwamba katika nyimbo zinazopigwa, asilimia 30 ziwe za Kanada. Baadaye ikawa 35. Wimbo hupimwa kwa mambo manne: mtunga muziki, mtunga maneno, mwimbaji, na mahali ulipopigwa. Mawili kati ya hayo yakiwa ya Kanada, wimbo umehesabiwa. Wenye stesheni walinung'unika sana, wakidai hakuna nyimbo za kutosha. Nyimbo zikapatikana, kwa kuwa sasa palikuwa na mnunuzi.

Hata hivyo mizani hiyo ina kasoro, na insafu yatutaka tuitaje. Hupima vyeti vya watu, haipimi kisa. Mwaka 1991 Bryan Adams, Mkanada kindakindaki, alitoa albamu iliyovuma dunia nzima, nayo ikakataliwa kuhesabiwa kuwa ya Kanada kwa sababu nyimbo alizitunga pamoja na mtu asiyekuwa Mkanada. Palizuka kelele, na kanuni ikalegezwa. Kadhalika tamthilia ya *The Handmaid's Tale* ilitokana na kitabu cha Margaret Atwood, Mkanada, ikapigwa picha Toronto na sehemu za jirani, lakini kisheria ni ya Marekani kwa kuwa wenye mali ni Wamarekani.

Sasa redio imepata mshindani. Kijana wa Toronto hafungui tena stesheni. Anafungua simu, na kampuni ya ng'ambo humletea filamu na nyimbo kwa intaneti. Ile sheria ya asilimia 30 haikuwahi kuijua simu hiyo. Ndipo Aprili 2023 Bunge la Kanada lilipopitisha sheria mpya ya kuzitia kampuni hizo chini ya tume ya utangazaji, na Juni 2024 tume ikaamua kwamba zile zenye mapato ya zaidi ya dola milioni 25 kwa mwaka nchini humo zitoe asilimia 5 kusaidia kazi za wenyeji. Kampuni zikaenda mahakamani, na wakubwa wa Washington wakaihesabu sheria hiyo miongoni mwa malalamiko yao ya biashara.

Msomaji huenda akasema: huo ni ugomvi wa matajiri, sisi yatuhusu nini? Yatuhusu, na nitaeleza kwa nini.

Mwaka 1972 Waasia waliofukuzwa Uganda walianza kutua Montreal mwezi wa Septemba, baridi nayo i mlangoni. Walifika kwa maelfu, na baada yao wakafuata wengi kutoka Kenya, Tanzania na Somalia. M. G. Vassanji, mzaliwa wa Nairobi aliyelelewa Dar es Salaam, aliandika mwaka 1991 riwaya ya *No New Land*, juu ya watu wa Dar wanaoanza maisha upya katika majumba marefu ya Toronto, na mwaka 1994 akawa mtu wa kwanza kutunukiwa tuzo ya Giller. K'naan, mzaliwa wa Mogadishu, alikulia Toronto, akaimba nyimbo zilizosikika ulimwengu mzima mwaka 2010. Kuanzia 2007 hadi 2012 televisheni ya taifa ilionyesha *Little Mosque on the Prairie*, mchezo wa kuchekesha ulioanzishwa na Zarqa Nawaz, kuhusu Waislamu wa mji mdogo wa nyikani. Nauliza: ni mfanyabiashara gani wa ng'ambo, anayetafuta soko la dunia nzima, angekubali kuugharimia mchezo wa imamu na waumini wake katika kijiji cha theluji? Mlango ule ulifunguliwa kwa fedha za umma.

Wala nisimdanganye mtu kwamba kicheko hukinga risasi. Usiku wa tarehe 29 Januari 2017, baada ya sala ya isha, mtu mwenye bunduki aliingia msikitini katika mji wa Quebec akawaua waumini sita. Watatu kati yao walisaliwa Montreal katika ukumbi wa mchezo wa magongo ya barafuni, mchezo ambao Wakanada wauenzi kuliko yote. Maelfu walisimama pale, Waislamu na wasio Waislamu. Mgeni anayechekwa naye kila wiki sebuleni si rahisi kumfanya jini. Pale asipoonekana kabisa, maadui zake ndio watakaomsimulia.

Na mgeni huleta neema. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwaka 2024 Matthew Rankin, mzaliwa wa Winnipeg, alitoa filamu ya *Universal Language*, ambamo Winnipeg ni ile ile ya theluji na matofali, lakini wakazi wake wanazungumza Kiajemi. Kanada iliipeleka Marekani iiwakilishe katika mashindano ya Oscar. Kabla yake, mwaka 2001, Zacharias Kunuk alitengeneza *Atanarjuat* kwa lugha ya Wainuit, wenyeji wa barafu, na ikapata tuzo Cannes. Hizi zote ni baridi moja, imesimuliwa kwa ndimi mbalimbali.

Rai yangu ni kwamba Kanada ina haki ya kuzidai kampuni zile asilimia 5, kwani anayeuza sokoni hulipa ushuru wa soko. Lakini fedha hizo zikiishia kwa wale wale waliozoea kula, sheria itakuwa imelinda vyeti na kuacha visa. Zimfikie kijana wa Kisomali wa Toronto na Muinuit wa kaskazini, ndipo itakapofaa.

Mwaka 2010 Waislamu wachache wa Inuvik, mji ambao jua halionekani kwa takriban mwezi mzima wakati wa baridi, walijengewa msikiti Winnipeg, ukasafirishwa zaidi ya kilomita 4,000 kwa lori na tishari hadi kwao. Mungu akipenda, watoto wa msikiti ule nao watahifadhi Sura ya Quraysh. Wao wakifika pale panapotajwa baridi, hawatakuwa na haja ya kumuuliza mwalimu maana yake.