Barua za Mama na Jiko la Televisheni

Maneno haya nayaandikia Musanda, upande wa Mumias katika kaunti ya Kakamega, ambako nimekuja kumzuru binti ya ndugu yangu aliyeolewa huku. Ukitoka nje ni miwa, ukigeuka ni miwa, na bahari iko mbali mno. Hata hivyo mtu wa pwani hapa si mgeni kabisa. Kabla ya reli kujengwa, misafara ya wazee wetu ilikuwa ikipiga kambi Mumias, zama za Nabongo Mumia aliyefariki mwaka 1949, na Uislamu ukabakia hapa baada ya misafara kwisha. Adhana ya magharibi ya jana niliisikia wazi juu ya miwa, nikajiona niko kwetu.

Jana hiyohiyo binti yetu alikuwa akiwapikia wakwe zake wali wa nazi na kuku wa kupaka. Nazi zilikuja na mimi ndani ya basi, kumi na mbili, na mbuzi ya kukunia pia nilimbebea. Simu aliiegemeza kwenye mkungu wa ndizi, na sauti ya mama yake ikitoka Mombasa.

"Tia bizari kiasi," ikasema simu.

"Kiasi gani, mama?"

"Kiasi cha chungu hicho. Wewe hukuniona nikipika?"

Mtoto akanitazama. "Ami, nilikuwa shuleni," akaniambia kwa sauti ya chini, ili mama yake asimsikie.

Nilicheka, kisha nikamkumbuka bibi mmoja wa Kihindi ambaye ulimwengu umemjua kwa upishi wake katika televisheni, naye alianza hivihivi. Jina lake Madhur Jaffrey. Alizaliwa Delhi mwaka 1933, na neno Madhur maana yake ni tamu. Kwao walikuwa Mabaniani wa kabila la Kayastha, watu wa kalamu, ambao mababu zao walitumikia nyumba za wafalme Waislamu wa India, wakasoma Kiajemi na kula nyama kwa upishi wa Kiislamu. Kwa hivyo mtoto alikulia katika nyumba yenye sahani za namna mbili. Shuleni alikaa na wasichana Waislamu na Mabaniani, mpaka mwaka 1947 nchi ilipokatwa vipande viwili, rafiki zake Waislamu wakatawanyika. Wakimbizi wa Punjabi walioingia Delhi walikuja na tanuri zao za udongo, na kuku wa tandoori, ambaye leo kila hoteli ya Mombasa inamwuza, akapata umaarufu kwa mikono ya watu walionyang'anywa makwao.

Bibi huyu hakuwa mpishi. Mtihani wa upishi shuleni alianguka. Alichokitaka ni kuigiza, na katika miaka ya 1950 akaenda London kusoma katika chuo cha waigizaji. Huko akakutana na viazi vilivyopondwa na kabichi iliyochemshwa hata ikapoteza rangi. Njaa ya chakula cha kwao ikamshika, akamwandikia mama yake barua: nifundishe. Mama akajibu kwa Kihindi, kwa barua za ndege, mapishi ya mistari michache tu, tia hiki kidogo na kile kidogo. Binti akawa anapika, anaonja, anaukumbusha ulimi ladha ya nyumbani, anakosea, anarudia. Ulimi ndio uliomsahihisha.

Kisha akaenda Marekani, akaolewa na mwigizaji mwenziwe, Saeed Jaffrey, kijana wa jamaa ya Kiislamu, ndipo alipolipata jina hilo la pili. Wakazaa mabinti watatu, na baadaye wakaachana. Mwaka 1965 aliigiza katika filamu ya Shakespeare Wallah, na tamasha la Berlin likampa tuzo ya mwigizaji bora wa kike. Kazi za kuigiza kwa mwanamke wa Kihindi, walakin, zilikuwa haba kule, na watoto lazima wale. Gazeti la New York Times lilipomwandika kuwa ni mwigizaji anayepika, watu wakaanza kumwuliza mapishi. Mwaka 1973 akatoa kitabu chake cha kwanza, An Invitation to Indian Cooking, kilichosimamiwa na Judith Jones, mhariri yuleyule aliyemtoa Julia Child mwaka 1961. Mwaka 1982 BBC ikamweka mbele ya kamera. Waingereza waliozoea kuyamwagia maji ya moto manjano ya kopo na kuyaita kari, wakamwona mwanamke wa sari akikaanga bizari nzima kwenye mafuta na kuwaeleza sababu yake. Husimuliwa kwamba siku aliyopika kuku kwa ndimu na dania, dania ikamalizika madukani Manchester.

Baadaye Uingereza ikamtunukia nishani ya CBE mwaka 2004, na India ikampa Padma Bhushan mwaka 2022. Mimi lakini zinanivutia zaidi zile barua. Mama wa Delhi alisema "kidogo", kama mama wa Mombasa asemavyo "kiasi". Kazi kubwa ya Madhur Jaffrey ilikuwa kukigeuza kile kidogo kuwa vijiko na dakika, hata mtu asiyewahi kuisikia harufu ya jiko lile aweze kulipika. Ni kazi ya mfasiri, na mfasiri mwema ni nadra kuliko mpishi mwema.

Sasa nauliza, kwetu nani ameifanya? Wapishi tunao, na sifa tunawapa. Mwaka 2019 Maliha Mohammed alipika mjini Mombasa saa 75 mfululizo, na mji ukajaa shangwe. Televisheni zetu zina vipindi vya mapishi, wala sivikejeli, binti zangu huvitazama. Lakini mara nyingi navyoviona mimi huwa ni jiko la vioo, na chakula cha hoteli. Yule mama wa Kibokoni apaliaye wali kwa makaa juu ya kifuniko, ajuaye kwa kusikia tu mlio wa mafuta kwamba vitunguu vya biriani vimefika, nani alimpelekea kamera?

Wala nisiwatupie wengine lawama peke yao. Miaka mingi nyuma nilimpelekea mhariri mmoja, ambaye jina lake nalisitiri, makala juu ya mpishi wa maharusi. Akanirudishia, akaniambia hayo ni mambo ya wanawake, andika ya maana. Nami nikatii! Nimetunga marthiya za masheikh na za mabaharia, nimehesabu mizani usiku kucha. Mama yangu alipofariki nilimtungia pia, beti arubaini, nikataja subira yake na swala zake. Biriani yake sikuitaja. Ilikuwa na kitu ambacho dada zangu wote watatu hawakubaliani ni nini: mmoja asema zafarani iliyoloweshwa kwenye maziwa, mmoja asema ni kulainisha nyama kwa papai bichi, wa tatu hulia tu. Nilikaa kwenye mkeka wa jiko lile miaka kumi na minane, nina kalamu mkononi, na sikuandika hata neno.

Wali wa jana uliiva, isipokuwa chini ulishika kidogo, kwa kuwa tui zito lilitiwa mapema. Baba mkwe alikula sahani mbili, na mama mkwe akaomba ukoko. Halafu akamwambia mkwewe, "Mwanangu, kesho nitakufundisha ingokho ya kwetu, lakini usiniulize vipimo."

Binti yetu akaniangalia tena. Usiku ule nilimpa daftari langu la mashairi, lililokuwa na kurasa nyingi tupu upande wa nyuma, na asubuhi hii naandika haya nikiwa nje ya jiko, nikimsikia akiuliza: "Vijiko vingapi, mama? Hebu mimina kwanza humu, nihesabu."